"Mama, nikimeza hii dawa mtoto atatoka mzima?"

Swali hili huulizwa mlangoni, mama akiwa ameshaaga. Ndani, mbele ya daktari, ameitikia kila kitu, amepokea kopo lake la dawa na kulifunga vizuri kwenye leso ili vidonge visilie njiani. Kisha ananifuata mimi nje kwa sababu mimi ni mama mshauri wa kliniki ya wajawazito, na anajua kuwa nami nameza dawa hizo hizo. Anauliza kwa sauti ya chini. Wengine huuliza wakiangalia tumbo, si mimi.

Ninaishi na virusi vya UKIMWI hapa Kisumu tangu nikiwa msichana, na nimezaa watoto watatu. Wote hawana virusi. Kila mmoja alizaliwa wakati wa dawa tofauti na hofu tofauti. Mlangoni hakuna nafasi ya kueleza yote hayo, foleni inasubiri na matatu ya Ahero haimsubiri mtu, kwa hiyo nimeamua kuandika hapa kwa urefu.

Mtoto wangu wa kwanza alizaliwa mwaka 2005. Siku hizo mjamzito aliyepimwa na kukutwa na virusi alipewa kidonge kimoja cha nevirapini, kimoja tu, aende nacho nyumbani, akimeze uchungu ukianza. Mtoto naye alitakiwa kupewa matone yake ndani ya siku tatu za kwanza. Mume wangu hakuwa anajua, hivyo nilikificha kwenye mkebe wa majani chai na kila asubuhi nikichemsha chai nilikikagua. Niliomba Mungu uchungu usinikute sokoni Kibuye, mbali na mkebe.

Kidonge kile kilitokana na utafiti uliofanyika Kampala, katika hospitali ya Mulago, na matokeo yake yalitangazwa mwaka 1999. Kati ya watoto 100 ambao mama zao walipewa nevirapini, takriban 13 walikuwa wameambukizwa walipofikisha umri wa miezi mitatu na zaidi. Kwa waliopewa AZT, dawa nyingine ya virusi, kwa muda mfupi, 25. Maambukizi yalipungua karibu nusu kwa kidonge cha bei ndogo ambacho hata mwanamke aliyezalia nyumbani kwa nyamrerwa, mkunga wa jadi, angeweza kukimeza. Mwanangu alipona kwa njia hiyo na siwezi kuisema vibaya. Lakini nevirapini hukaa kwenye damu muda mrefu, na virusi vikiishi siku nyingi na dawa moja peke yake hupata nafasi ya kujenga usugu. Baadhi ya akina mama waliomeza kidonge kile walikuja kuanza matibabu yao wenyewe wakakuta virusi vyao vimeshaizoea nevirapini. Mtoto aliokolewa, na gharama ikabaki kwa mama. Ndiyo maana hadi leo mtu akiniambia dawa fulani ni salama kwa mimba, huwa nauliza kwanza anamzungumzia nani kati ya wawili hao.

Kwa mtoto wa pili, mwaka 2011, nilikuwa tayari kwenye matibabu kamili ya dawa tatu. Watu wachache hapa wanajua kwamba sehemu ya ushahidi wa njia hiyo ulitoka Kisumu yenyewe. Kati ya mwaka 2003 na 2009 watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, na wenzao wa CDC, shirika la Marekani la kudhibiti magonjwa, waliwafuatilia wanawake 522 wa hapa. Walianza dawa tatu wakiwa na mimba ya wiki 34 na kuendelea nazo hadi mtoto alipofikisha miezi sita, huku wakinyonyesha. Watoto walipotimiza miaka miwili, walioambukizwa walikuwa takriban 7 kati ya 100. Bila dawa yoyote, Shirika la Afya Duniani linasema huambukizwa kati ya 15 na 45. Wanawake wale walikuwa majirani zetu, walipanda boda boda hizi hizi na kuchota maji haya haya, na miili yao na maziwa yao ndiyo iliyojibu swali ambalo mimi nilikuja kufaidika nalo. Sijawahi kuona ukuta wowote mjini uliowataja.

Tulipokuwa tunaanza kuzoea dawa tatu, ikaja hofu ya efavirenzi. Dawa hii ilipojaribiwa kwa nyani wajawazito, baadhi ya watoto wao walizaliwa na kasoro za ubongo na uso. Kwa miaka mingi ikawa ni sheria: mwanamke anayeweza kushika mimba asipewe, au apewe kwa masharti. Baadaye, watoto wengi wa binadamu waliozaliwa na mama waliomeza efavirenzi walipochunguzwa, kasoro zile hazikuonekana kuwa nyingi kuliko kawaida, na mwaka 2012 Shirika la Afya Duniani likatamka kuwa inaweza kutumika tangu mwanzo wa mimba. Naitaja kwa ufupi, ila naomba uikumbuke, kwa sababu yaliyotokea mwaka 2018 yalifuata njia ile ile.

Dolutegraviri ilifika Kenya mwaka 2017, sisi tukiwa wa kwanza Afrika kuanza kuitumia ikiwa imetengenezwa kwa bei nafuu. Kwetu ilikuwa kama kutuliwa mzigo. Efavirenzi ilikuwa inatupa kizunguzungu na ndoto za kutisha. Nina rafiki aliyekuwa akilala na taa ikiwaka. Dawa mpya ilishusha virusi haraka, haikuleta ndoto hizo kwa wingi, na virusi vilipata shida kuizoea. Nilihamishiwa dawa hiyo, na mimi na mume wangu tukaanza kuzungumza juu ya mtoto wa tatu.

Mwezi Mei 2018 ikaja habari kutoka Botswana. Huko kulikuwa na utafiti unaoitwa Tsepamo ulioanza mwaka 2014. Wakunga wa hospitali kadhaa za serikali walikagua kila mtoto aliyezaliwa, kuanzia kichwani hadi uti wa mgongo, na kuandika mama yake alikuwa anameza nini. Kazi ile ilikuwa imeanzishwa hasa ili kumaliza maswali ya efavirenzi. Ghafla wakaona kwamba kati ya watoto 426 ambao mama zao walishika mimba wakiwa tayari kwenye dolutegraviri, wanne walizaliwa na kasoro ya mgongo wazi au fuvu lisilofunga. Hiyo ni kama 9 kati ya 1,000, wakati kwa wanaotumia dawa nyingine ni kama 1 kati ya 1,000.

Watafiti walifanya haki kutangaza. Ukiona moshi jikoni kwa jirani unampigia kelele, hungoji ujue kama ni moto au ni sufuria. Kinachoniuma ni kilichofuata. Nchi kadhaa, yetu ikiwemo, zikaelekeza kwamba wanawake na wasichana wa umri wa kuzaa wabaki au warudi kwenye efavirenzi, isipokuwa wawe na njia ya uhakika ya kupanga uzazi. Wanaume waliendelea na dawa bora. Kwenye benchi letu mwanamke na mumewe walikuja siku moja, wakapimwa siku moja, wakaondoka na makopo mawili tofauti. Msichana wa miaka 19 kutoka Manyatta, ambaye hakuwa na mpango wowote wa kuzaa, aliniuliza: "Kwa hiyo mimi naangaliwa kama tumbo tu?" Sikuwa na la kumwambia. Nilikaa naye.

Julai mwaka ule ule, wanawake 39 wanaoishi na virusi, kutoka nchi 18 za Afrika, walikutana Kigali. Walisikiliza takwimu zote, wakazijadili, kisha wakatoa tamko lao: wanawake wapewe taarifa kamili na wachague wenyewe, na kuwanyima wote dawa bora kwa sababu ya ishara ambayo haijathibitika hakukubaliki. Wenzetu wa Kenya walikuwamo. Nililisoma tamko hilo kwenye simu nikiwa kwenye ngazi za kliniki, na kwa mara ya kwanza tangu Mei nilihisi kuna mtu aliyetuhesabu kuwa watu wazima.

Tsepamo wao hawakuacha kuhesabu, na hapo ndipo faida ya subira ilipoonekana. Mwaka 2019, watoto 5 kati ya 1,683, yaani kama 3 kwa kila 1,000. Mwaka 2020, watoto 7 kati ya 3,591, kama 2 kwa 1,000. Mwaka 2022, watoto 10 kati ya 9,460, kama 1 kwa 1,000, sawa kabisa na wanawake wanaotumia dawa nyingine. Wale wanne wa mwanzo walikuwa watoto halisi wa mama halisi, hakuna anayewafuta. Ila idadi ilikuwa ndogo mno kubeba uamuzi mkubwa hivyo. Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeshabadili msimamo Julai 2019 na kuipendekeza dawa hiyo kwa wote, wajawazito wakiwemo.

Halafu mwaka 2021 yakatoka matokeo ya utafiti mwingine, VESTED, uliofanyika katika nchi tisa kwa wanawake 643 walioanza dawa wakiwa wajawazito. Vifo vya watoto wachanga vilikuwa vingi zaidi upande wa efavirenzi kuliko upande wa dolutegraviri. Soma sentensi hiyo tena, kwa sababu mimi niliisoma mara nyingi. Kwa kuogopa hatari isiyothibitika, wanawake walikuwa wamerudishwa kwenye dawa ambayo sasa ndiyo iliyoonekana kutowafaa watoto wao kama ile nyingine.

Kuna jambo moja la mwili ambalo natamani kila mwanamke wa Kisumu, Siaya na Vihiga alijue, maana linajibu nusu ya maswali ya mlangoni. Mfereji unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto hufunga takriban siku 28 baada ya mimba kutungwa. Wakati huo hedhi imechelewa kama wiki mbili tu. Wengi wetu tunafika kliniki mimba ikiwa ya miezi minne au mitano. Kwa hiyo mama anayeanzishwa dawa akiwa na miezi mitano hawezi kumsababishia mtoto mgongo wazi kwa dawa ile. Mgongo ulishafunga zamani. Na yule aliyeshika mimba akiwa kwenye dawa, akija kugundua na kuiacha kwa hofu, hazuii chochote cha siku zile 28. Anachofanya ni kuvipa virusi njia ya kupanda wakati mtoto bado yuko ndani.

Kinachosaidia mgongo kufunga ni asidi ya foliki, na inatakiwa iwepo mwilini kabla ya mimba. Kenya iliagiza unga wa mahindi na wa ngano wa viwandani uongezwe virutubisho, foliki ikiwemo, tangu mwaka 2012. Unga tunaosaga wenyewe posho mill hauna nyongeza hiyo. Kama unapanga kupata mtoto, omba vidonge vya foliki kliniki mapema, usingoje tumbo lionekane. Mimi nilivimeza kabla ya mtoto wa tatu, niliyemzaa mwaka 2020 nikiwa kwenye dolutegraviri, kwa uamuzi wangu mwenyewe baada ya kuonyeshwa tarakimu.

Nimemwomba mama mmoja ruhusa ya kueleza yaliyompata bila kumtaja, akakubali. Mimba yake ilipofika miezi mitatu, mama mkwe wake alimwambia aache vidonge vyote hadi ajifungue, kwa kuwa mtoto "anapikwa" na haifai kumwekea sumu. Mama mkwe hakuwa mtu mbaya. Alimpikia, alimfulia, alimtafutia manyasi, dawa za mitishamba, ya kuimarisha mimba. Kipimo cha mtoto cha wiki sita kilirudi kikiwa na virusi. Leo mtoto yuko shuleni, anameza dawa zake, anakimbia kuliko wenzake, na mama yake ni mmoja wa watu wangu wa karibu. Lakini nilikuwepo siku ya jibu lile. Tangu hapo, mtu akisema "acha dawa kwanza, upumzishe mwili", nasikia uamuzi mzito ukitolewa na mtu anayedhani hajaamua kitu. Manyasi yale hakuna aliyeyauliza kama ni salama, wala hakuna Tsepamo ya manyasi popote.

Virusi vikishuka hadi visionekane kwenye kipimo kabla ya mimba na kubaki hivyo hadi uzazi, hatari ya mtoto kuambukizwa tumboni au wakati wa kuzaliwa huwa chini ya 1 kati ya 100. Na kwa waliochelewa, kasi ya dawa ni jambo kubwa: utafiti uliofanyika Uganda na Afrika Kusini kwa wanawake walioanza matibabu miezi mitatu ya mwisho ulionyesha kwamba kufikia kujifungua, karibu 74 kati ya 100 waliopewa dolutegraviri walikuwa wameshusha virusi chini ya kiwango cha 50 kwa mililita moja ya damu, ikilinganishwa na 43 kwa efavirenzi.

Sitaki mtu aondoke hapa akidhani dawa zote za virusi ni sawa. Mwaka 2001 madaktari walionywa kuhusu kuwapa wajawazito stavudini pamoja na didanosini, kwa sababu baadhi ya akina mama walikufa kutokana na asidi kujaa kwenye damu. Nevirapini ya kila siku iliweza kuharibu ini, hasa kwa wanawake walioianza kinga yao ikiwa bado juu. Ribavirini, iliyotumika kutibu homa ya ini aina ya C, haitakiwi kabisa karibu na mimba, hata baba akiwa ndiye anayeimeza, na hata miezi kadhaa baada ya kuiacha. Molnupiraviri ya korona nayo wajawazito hawashauriwi kuitumia. Kwa upande mwingine, asikloviri ya malengelenge ya sehemu za siri imefuatiliwa kwenye mimba zaidi ya 1,000 bila kuonyesha ongezeko la kasoro, na tenofoviri hupewa wajawazito wenye homa ya ini aina ya B yenye virusi vingi ili mtoto asiambukizwe, mtoto naye akipewa chanjo mara anapozaliwa. Kila dawa ina historia yake. Taja jina la dawa yako unapouliza. "Dawa ya virusi" haitoshi kupewa jibu.

Na wale wasio na virusi ila wana wasiwasi na mwenzi wao? Tumepata jibu lao hapa hapa Nyanza. Utafiti wa PrIMA ulifanyika katika vituo 20 vya Siaya na Homa Bay na kuwahusisha wanawake zaidi ya 4,400 wa kliniki za wajawazito. Waliotumia PrEP, yaani dawa ya kumkinga asiye na virusi, wakiwa na mimba hawakuzaa watoto wenye matatizo zaidi ya wale ambao hawakuitumia. Ujauzito na miezi ya kunyonyesha ni wakati ambao mwanamke huambukizwa kwa urahisi zaidi, na maambukizi mapya wakati huo humpitia mtoto haraka. Nawasihi wenye wasiwasi waulizie PrEP bila aibu.

Sasa kuna lenakapaviri, sindano ya kinga inayochomwa mara mbili kwa mwaka. Matokeo yake ya mwaka 2024 kutoka Afrika Kusini na Uganda yalisifiwa kila mahali kwa sababu kati ya wanawake 2,134 waliochomwa hakuambukizwa hata mmoja. Mimi nilifurahishwa zaidi na jambo lililotajwa kwa herufi ndogo: waliopata mimba katikati ya utafiti waliruhusiwa kuendelea na sindano, wakafuatiliwa pamoja na watoto wao. Kwa miaka mingi mjamzito alikuwa anaondolewa kwenye majaribio ya dawa siku kipimo cha mimba kinapoonyesha ndiyo, kisha dawa inakuja sokoni, na yeye ndiye anayeimeza bila mtu kujua. Safari hii tumeulizwa mapema.

Jambo la mwisho ni dogo lakini nalisisitiza kwa kila mama. Kidonge chetu cha siku hizi, TLD, kina dolutegraviri ndani, na dolutegraviri hushikamana na chuma na kalsiamu tumboni, ikashindwa kuingia damuni vizuri. Vidonge vya kuongeza damu unavyopewa kliniki vina chuma. Ukivimeza pamoja na TLD wakati wa kula, sawa, chakula kinasaidia. Ukiwa hujala, TLD itangulie saa mbili kabla, au isubiri saa sita baada ya vidonge hivyo. Dawa za kiungulia zenye magnesiamu au alumini zina shida hiyo pia, na chakula hakiiondoi, kwa hiyo mwambie daktari kama unazitumia. Kama unatafuna odowa, yale mawe laini ya kula, kutwa nzima, mwambie hilo nalo; hatakucheka, na damu yako inahitaji kupimwa. Ukigundua una mimba ukiwa kwenye dawa, endelea kumeza usiku huo huo kama kawaida, uje kliniki wiki hiyo hiyo, na uombe kiwango cha virusi kipimwe, kisha kila miezi sita hadi utakapoacha kunyonyesha. Uliza tarakimu ya jibu lako, wasikuambie tu "iko sawa". Iandike kwenye kijitabu chako cha mama na mtoto, karibu na uzito wako na tarehe ya kurudi.